Deni la meno mawili ya tembo

Nilikaa chini katikati ya njia ya makaburini, miguu nimeinyoosha kama mtoto aliyegoma kwenda shule. Jeneza likasimama hatua mbili kutoka nilipo.

"Haendi mtu hapa," nikasema kwa sauti. "Huyu mimi namdai."

Nikasubiri kicheko. Kwa hesabu zangu kingeanzia kushoto, walikokuwa wazee wenye kofia zao za kufuma, halafu kiwarukie vijana. Hakikuanzia popote. Mtu mmoja alikohoa. Jogoo akawika huko nyuma ya mikorosho. Waliobeba jeneza wakabadilishana mabega, maana marehemu alikuwa na mwili wake, na jua la saa nane la Kisarawe halina utani.

Shehe akageuka. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na aliniangalia kwa huruma ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. "Ndugu yangu," akasema, "si nimeuliza pale msikitini? Haya, sema ni kiasi gani. Warithi hawa hapa."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Muda mfupi nyuma, baada ya swala ya jeneza, nikiwa nje chini ya mwembe kwa kuwa mimi ni Mkatoliki, niliisikia kwenye kipaza sauti ile kauli anayoijua kila aliyewahi kuzika na Waislamu: kama yuko anayemdai marehemu, ajitokeze, awaone watoto wake. Si maneno ya kujaza nafasi. Kwa imani yao nafsi ya aliyekufa inabaki imefungwa na deni lake mpaka lilipwe. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekalia njia, nadai.

Kijana wake mkubwa alikuwa ameshika mbele ya jeneza. Akampisha mwenzake, akaja akachuchumaa usawa wangu. Macho mekundu, shati limeganda mgongoni. "Mzee," akaniuliza taratibu, "baba ulikuwa unamdai shilingi ngapi?"

Mwenye akili angeinuka akapisha. Mimi nikadhani mzaha umekwama kwa sababu sijaufikisha mwisho. Nikaumalizia.

"Meno mawili ya tembo," nikasema. "Na kuku mmoja."

Ngoja niwarudishe nyuma, la sivyo na ninyi mtaniangalia kama shehe.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Kibaraza chake kilikuwa Mbagala, jirani na kwangu. Mara ya kwanza kumpelekea suruali ya kupunguza ilikuwa mwaka 2006. Aliniuliza natokea wapi. Nikamwambia Tabora, Mnyamwezi. Akavua miwani, akaiweka juu ya kitambaa, akaikumbatia cherehani kwa mikono miwili. "Mnyamwezi? Toka kibarazani kwangu. Nikigeuka tu utajitwisha hii uende nayo Bagamoyo."

Nikamjibu bila hata kufikiri kwamba nimeshangaa kumkuta Mzaramo anafanya kazi, maana nilivyosikia wao wakiamka wanauza kiwanja, jioni wanacheza ngoma ya mwali, kesho yake wanatafuta kiwanja kingine cha kuuza. Alicheka mpaka akajichoma sindano. Suruali alinipunguzia bure. Shati nililompelekea wiki iliyofuata alinitoza bei mara mbili, na nilipolalamika akasema nusu nyingine ni ushuru wa njia.

Kuanzia hapo salamu yetu ikawa moja. Asubuhi nikipita kwenda kituoni, yeye bila kuinua kichwa: "Mpagazi, leo umebeba nini?" Na mimi: "Nimebeba deni la babu yako."

Deni hilo tulilijenga wawili, tofali kwa tofali. Kwamba babu yangu alipita Uzaramoni na msafara, amebeba meno mawili ya tembo, akalala kwa babu yake Fundi. Asubuhi meno hayapo, na kuku aliyekuwa chakula chake cha njiani kageuka mchuzi. Fundi naye alikuwa na mashtaka yake: babu yangu alikunywa kisima kikakauka, akalalia mkeka ukanuka jasho la Ugogo mzima, na akaondoka bila kuaga. Kila mwaka mpya tuliongeza riba. Siku Fundi aliponunua cherehani ya umeme nilimwambia hiyo sasa ni mali yangu, ije nyumbani. Babu yangu mwenyewe, kwa taarifa yenu, alizaliwa baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na hakuwahi kubeba meno yoyote zaidi ya yake, ambayo nayo yalimng'oka mapema.

Miaka kumi na saba ya maneno hayo. Kwa hiyo nilipokaa njiani pale Kisarawe nilikuwa namjibu Fundi. Ilikuwa zamu yangu. Aliyeijua hadithi nzima alikuwa ndani ya jeneza, na ndugu zake wakasikia mstari wa mwisho peke yake.

"Meno ya tembo?" akarudia kijana.

Neno likapita nyuma kwenye msururu kama ndoo ya maji kwenye kuzima moto. Meno ya tembo. Anasema meno ya tembo. Mzee mmoja, ambaye baadaye nilijua ni mwenyekiti wa kitongoji, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Nyara za serikali hizo." Jamaa mmoja aliyenyoa nywele fupi sana, shemeji wa familia, akasogea mbele hatua moja na kunitazama vizuri kuanzia viatu. Kazi yake niliambiwa jioni. Ni askari.

Ndipo nikaanza kueleza.

Jamani, nimeeleza mambo magumu maishani. Nimewahi kumweleza mama mkwe bima ni nini. Lakini kueleza mzaha ukiwa umekaa kwenye vumbi, mbele ya maiti, huku askari anakuhesabu vidole, ni kazi isiyo na mfano. Nikasema: "Hapana, sikilizeni. Mimi ni Mnyamwezi. Ninyi Wazaramo. Sisi na ninyi ni watani."

Kijana mmoja nyuma, aliyevaa jezi ya njano kwa heshima ya marehemu, akapiga kofi paja lake. "Kumbe Simba huyu!"

"Mnyama mpaka makaburini?" akadakia mwenzake.

Siwalaumu. Aliyezaliwa Dar baada ya 2000, neno mtani amelisikia wapi? Amelisikia redioni na kulisoma kwenye kurasa za michezo: watani wa jadi, Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa 1935, Simba mwaka mmoja baadaye, na njiani humo neno likahama kutoka kwenye njia za misafara likaenda kukaa jukwaani uwanja wa mpira, likanenepa huko, na wenye nalo hatukuona lilivyoondoka. Fundi alikuwa Yanga wa kufa. Kwa vijana wale mambo yalijipanga vizuri kabisa: shabiki wa Simba amekuja kuzuia mazishi ya mwana Yanga kwa madai ya nyara za serikali.

"Mimi si Simba," nikasema. Katika sentensi zote nilizowahi kutamka msibani, hiyo ndiyo ya kipumbavu kuliko zote.

Shehe akatazama jua. Nikainuka, nikajikung'uta, nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ndilo la kiungwana: nikaomba radhi. Niliomba vizuri, kwa mikono miwili kifuani. Nikasema natubu, nilikuwa natania tu, mimi na marehemu tulikuwa na mazoea, sikuwa na nia mbaya, wanisamehe. "Hamna neno," akasema shehe. "Tuendelee." Jeneza likanyanyuka, likanipita.

Baada ya kuzika, yule kijana mkubwa alinifuata pembeni, akanipa noti ya shilingi elfu kumi, imekunjwa mara nne. Nikarudisha mkono wake. "Hapana mwanangu, hakuna deni." Akasema, "Mzee, chukua tu, nisije nikabaki na mashaka." Nikakataa tena, nikajiona mwema. Akairudisha mfukoni polepole, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyesamehewa deni. Sikujua ulikuwa uso wa nini.

Kwenye daladala ya kurudi nilikaa dirishani, na kichwani ikanijia habari ya mbuzi.

Nilifika Dar mwaka 2003 kwa treni, nikafikia kwa mama mmoja wa Temeke aliyekuwa na undugu wa mbali na mjomba wangu. Siku ya pili akaniambia, "Mwanangu, niletee mbuzi huko uani." Nikatoka. Ua mdogo, ndoo, jiko la mkaa, kamba ya nguo. Nikachungulia nyuma ya choo. Nikatoka mpaka barabarani nikaangalia huku na huku. Nikarudi kwa adabu: "Mama, hayupo."

Yule mama akaniangalia. "Hayupo?" Akarudia, "Ha-yu-po?" Kisha akaketi chini sakafuni, akacheka mpaka kanga ikamfunguka.

Kwetu mboga tunaunga karanga. Nazi niliijua, lakini kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, unachokalia ukakuna nazi, sikuwahi kukiona, na hakuna aliyeniambia kwamba pwani kinaitwa mbuzi. Angalieni ujanja wa lugha yetu: yeye alisema "niletee mbuzi", ambayo haina alama yoyote ya mnyama wala chombo. Mimi ndiye niliyejiuza. Ningesema "haipo" ningekuwa kipofu tu. Niliposema "hayupo" akajua nimezunguka mtaa mzima nikitafuta kitu chenye ndevu. Silabi moja. Alinieleza yote hayo kwa subira, akaingia uani mwenyewe, akachomoa ile mbuzi nyuma ya ndoo, akaiweka mbele yangu. Nikaelewa kila kitu. Sikucheka hata kidogo. Nilicheka kama wiki mbili baadaye, peke yangu, nimeikalia, nusu ya nazi mkononi.

Lakini mbuzi ile ilikuwa na nafuu: mzaha ukigoma, unakileta kitu chenyewe unakiweka sakafuni. Mimi pale makaburini ningeleta nini? Ningelazimika kuleta njia yote ya miguu, kutoka Unyanyembe, kule Tabora, mpaka baharini, zaidi ya kilomita 800. Ningeleta frasila mbili za mzigo, kilo thelathini na ushee, na kuziweka kwenye bega la yule kijana wa jezi ya njano asikie. Richard Burton, Mwingereza asiyebeba hata kopo lake, aliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 akafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwanzoni mwa Novemba. Wanyamwezi waliifanya safari hiyo kwenda na kurudi, wengine mara nyingi, pembe za ndovu mabegani wakishuka, vitambaa na shanga wakipanda. Na mtu akiwa miezi kwenye nchi za watu, lolote linamkuta. Anaugua. Anaishiwa. Anakufa.

Wazee wa kwetu wanasimulia kuwa utani ulianzia hapo. Mpagazi akifa njiani, ndugu zake wako mbali mwendo wa mwezi, na wenzake wa msafara hawawezi kungoja. Nani atamchimbia? Wenyeji. Wenyeji hao hao ambao juzi mligombana nao juu ya maji, kuku na ushuru wa kupita. Mkazikana, mkatukanana, mkapeana chakula, na baada ya vizazi viwili vitatu mambo hayo matatu yakawa kitu kimoja chenye jina moja. Ndiyo maana mtani ana haki kwenye kaburi. Anaweza kuingia humo akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Anaweza kuzuia jeneza. Anaweza kuwaambia wafiwa wanyamaze kwa sababu marehemu alikuwa bahili na hakuna cha kulilia. Na huyo huyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe kabla ya wengine.

Usiku ule sikulala mapema. Nilisoma nilichoweza kupata kuhusu utani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliuandika kwa kirefu Mwingereza mmoja aitwaye Moreau, na kazi yake hasa ilikuwa ndege! Alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, anahesabu ndege, akawasikia watu wanavyotukanana huku wanapendana, akaona hilo nalo linastahili kuorodheshwa. Kabila hili na lile, ndiyo. Hili na lile, hapana. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown alishatoa maelezo ya jumla ya uhusiano wa namna hii: mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake analazimika asikasirike. Maelezo ni sahihi kabisa. Nilimsomea mke wangu kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Sasa hapo pa kucheka ni wapi?"

Niliporudi kitandani nilimkumbuka baba.

Baba alizikwa Tabora mwaka 1998. Siku ya pili ya msiba mama alikuwa hajasema neno, hajanywa hata uji, amekaa ukutani kama gunia. Akaingia bibi mmoja wa Kigogo, jirani yetu, mtani wa siku nyingi. Hakutoa pole. Alipita moja kwa moja chumbani, akatoka amevaa koti la baba na kofia yake, ameshika fimbo yake. Akatembea ukumbini kwa ule mwendo wa baba wa kuburuza mguu wa kushoto, akakohoa kikohozi chake cha asubuhi, akasimama mbele ya mama, akagonga fimbo sakafuni. "Chakula kiko wapi? Watu wote hawa wamejaa nyumbani kwangu wanafanya nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitaka kumpiga. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua, nikageuka, ni mama anacheka. Alicheka na machozi yakaanza kutoka hapo hapo, ya kwanza tangu baba afe, na akamwambia yule bibi: "Wagogo ninyi, hata msibani mnakuja kuomba chakula." Wakashikana. Uji akanywa.

Hicho ndicho nilichotaka kuwapelekea watoto wa Fundi. Sikukifikiria kwa maneno haya. Nilikuwa na njaa tu ya kumwona mtu mmoja pale njiani anashindwa kujizuia. Lakini bibi yule wa Kigogo hakusimama katikati ya ukumbi akasema "samahani, mimi ni mtani wenu, hili ni koti la marehemu na ninamwigiza." Angesema hivyo, nina hakika ningempiga kweli.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na namba ngeni. Ni yule kijana. "Mzee, shangazi anakuita. Leo tunaanua matanga."

Huyo shangazi ni dada mkubwa wa Fundi. Makaburini hakuwepo, wanawake walibaki nyumbani, lakini habari zilimfikia kabla jeneza halijarudi msikitini. Nilimkuta kwenye mkeka chini ya mwembe, mguu mmoja umenyooka, anachambua mchele. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, jicho moja lina mtoto wa jicho, na hilo jingine linaona mara mbili kufidia.

"Shikamoo shangazi."

Hakuitikia. Alitupa kokoto moja pembeni. "Nimesikia umeomba radhi."

"Ndiyo shangazi. Nilikosea sana."

"Ulikosea nini?"

"Kumtania marehemu mbele ya shehe, na watu wana majonzi..."

"Kwa hiyo ulimtukana kaka yangu."

"Hapana shangazi! Nilikuwa natania."

"Mtani gani anaomba radhi?" Sasa aliacha mchele. "Ukisema nisamehe, maana yake ulitukana. Ulikaa njiani ukamwita kaka yangu mwizi, halafu ukasema nisameheni. Basi ni kweli alikuwa mwizi, ila umetuonea huruma?"

Nilifungua mdomo, nikafunga. Yule mama alikuwa ameuona ufa ambao mimi sikuuona kwa siku tatu. Maneno yangu kabla ya radhi yalikuwa ya ajabu, hayajulikani yaende wapi, lakini yalikuwa bado safi. Radhi ndiyo iliyoyageuza. Kila nilivyozidi kueleza na kutubu, ndivyo nilivyozidi kuwaambia watoto wale kwamba kuna jambo baya lilisemwa juu ya baba yao, na msemaji mwenyewe amelikiri.

"Na hela ukakataa," akaendelea. "Mtoto katoa hela, mtani anarudisha. Wewe unataka nini kwetu? Uhasama?"

Ndipo nilipouelewa uso wa yule kijana. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, kwa bahati tu, bila kujua mila yoyote: mtani kazuia, mtani kalipwa, mtani kapisha. Nikamfungia.

Nilitaka kusema pole. Nikaona nayo itakuwa radhi nyingine. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. "Elfu kumi yenyewe ndogo. Kuku tu wa leo ni bei gani?"

Shangazi akanitazama kwa lile jicho zima, kwa muda mrefu. Kisha akageukia uani, akapaza sauti kama anaita watu wa kijiji cha pili. "Nyie watoto! Mpagazi kafika! Mfungieni mzigo!"

Vijana walisita. Yule wa jezi ya njano akatoka na kiroba cha mihogo, kimejaa mpaka mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani, akakiweka mbele yangu akicheka kidogo, kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Nikasema nitaita bodaboda. "Bodaboda?" akasema shangazi. "Babu yako alipanda bodaboda?" Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akakisokota ngata kwa mikono yake, akanivika kichwani kama ananitawaza. Wakanitwisha, wanne.

Mpaka barabara ya lami ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye mikono mitupu. Mimi nina shahada, nina kitambi, nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini. Watoto wadogo wakanifuata nyuma, mwanzo watatu, kwenye kona ya pili walikuwa zaidi ya kumi. Kwenye mteremko wa kisima shingo ilianza kuingia mabegani, nikainama nitue nipumzike, na nyuma yangu, maana kumbe na yeye alikuwa anakuja na fimbo yake, nikasikia:

"Usitue hapo! Wenzio walifika Bagamoyo!"

Hapo ndipo kilipokuja, kile kicheko. Kilianzia kwa watoto kikapanda kwa vijana, na yule mkubwa, mtoto wa Fundi, alikuwa ameegemea mkorosho ameshika tumbo. Mimi sikucheka kwa sababu sikuwa na pumzi. Nilimwambia shangazi bila kugeuka kwamba Wazaramo wangekuwa na nguvu wangebeba wenyewe, lakini nguvu zote waliziuza pamoja na viwanja. Akajibu kitu. Sikukisikia, vijana walikuwa wanapiga kelele.

Kituoni kondakta wa daladala alinitoza nauli ya mzigo. Nikifika Mbagala nilipita mbele ya kibaraza cha Fundi. Kimefungwa, cherehani imeondolewa, na kwenye ukuta kumebaki alama nyeupe ilipokuwa kalenda ya Yanga. Nilisimama pale kidogo na kiroba changu kichwani.

Nyumbani mke wangu alinisaidia kutua. Akaniangalia shingo, akaangalia viatu, akaniuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake anatembea na kiroba kichwani mtaani wakati bajaji zimejaa. Huku anasema akachukua ile ngata, akaikunjua aifue. Kwenye pindo la kanga kulikuwa na fundo. Akalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na noti ya elfu kumi, imekunjwa mara nne.

"Hii ya nani?"

"Yangu," nikasema. "Nimelipwa mzigo."

"Mzigo gani?"

Nikachukua kisu nikaanza kumenya mihogo.